Baiskeli nimeuza, na hesabu yake ni hii

Sheffield, Jumapili usiku

Kaka Bakari,

Assalaam alaikum. Shikamoo. Natumai nyote wazima hapo Makorora, sukari ya Mama imetulia na Mwanahawa kamaliza mitihani. Mimi mzima, ila baridi ndiyo imeanza kutafuna vidole.

Nakuandikia kwa sababu zile sauti zako tano za juzi nimezisikiliza zote, ya mwisho mara mbili, na nikijibu kwa mdomo nitasema yasiyofaa. Kwa kalamu mtu hupata nafasi ya kufuta.

Nasikia mmekaa kikao. Yule bwana wa Leicester kaliona tangazo langu, kalipiga picha, kawarushia, na hakuona haja ya kuniuliza hata neno. Pauni 850. Mkapiga hesabu mkaona ni karibu milioni tatu, na baiskeli haijapata hata mtu wa kuiangalia mkawa mshaigawa: mabati ya Mama, ada ya Mwanahawa, na pikipiki ya Juma. Hapo nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka mzungu akahama kiti. Baiskeli izae pikipiki!

Wewe umefanya biashara Mgandini miaka kumi. Leo ndiyo umesahau kwamba bei ya kutangaza si bei ya kuuzia?

Na hiyo baiskeli mmeiona kwenye picha mkadhani mpya. Ni Orange Five, baiskeli ya milimani ya mwaka 2016, imeundwa Halifax, si mbali na hapa. Fremu yake sehemu kubwa ni bati la alumini lililokunjwa na kuchomelewa, si mabomba kama ya Phoenix, ndiyo maana wenyeji huzitania baiskeli hizi kuwa ni kabati la mafaili lililotiwa magurudumu. Jiwe likiigonga mteremkoni inalia kama debe. Ina shokapu mbili, moja ndiyo foki ya mbele, nyingine imelala katikati ya fremu, na gurudumu la nyuma linapanda na kushuka milimita 140 wewe umetulia juu. Nyuma yote imeshikiliwa na ekseli moja yenye beringi mbili. Kaka, hizo beringi hazijui kusema uongo. Ukitaka kujua baiskeli ya namna hii imeteswa kiasi gani, achana na rangi. Ishike kiti, inyanyue taratibu, na gurudumu la nyuma likigonga tk, tk kabla halijaacha ardhi, basi ushajua.

Yangu iligonga. Niliinunua mwaka 2019 kwa mtu, si dukani, na majira sita ya baridi nimeipitisha mawe. Milima ya huku ndiko walikokuwa wakichonga mawe ya kusagia nafaka, na mchanga wake ukichanganyika na tope unasaga pedi za breki kama unga wa ugali. Pedi za mwezi wa kumi na moja hazioni mwaka mpya. Mnyororo vilevile. Foki, walioitengeneza wanataka uifungue ubadilishe mafuta kila baada ya saa 50 za kuendesha, lakini nani anakaa kuhesabu saa? Mimi nilikuwa nafungua Idi hadi Idi.

Halafu kuna suala la magurudumu. Haya ni inchi 27.5, na sasa kila mtu anataka 29. Baiskeli haina kosa lolote, imepitwa tu, kama kanga nzuri yenye msemo wa mwaka juzi.

Nikaiosha, nikaipiga picha upande wa gia, nikaandika ukweli wote: beringi za nyuma zinataka kubadilishwa, foki ina mkwaruzo mmoja, tairi la nyuma limebakiza nusu. Wenzangu wa kazini waliniambia nina wazimu, mtu gani anatangaza ubovu wa mali yake. Nikawaambia ndivyo alivyotulea baba yetu. (Hilo lilikuwa la kujionesha kidogo, nakiri.)

Sasa wateja. Wa kwanza: "Bado ipo?" Nikamjibu ipo. Kimya mpaka leo. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu anataka tubadilishane na mashine yake ya michezo ya televisheni. Wa nne, hajaiona, hajaigusa, anauliza bei ya mwisho. Kaka, nimevuka bahari na ile "bei ya mwisho" nimeikuta huku inanisubiri.

Aliyenunua ni mzee mmoja kutoka Rotherham, kaja na kijana wake, tochi mkononi na kipimo cha mnyororo mfukoni. Yule alikuwa anajua. Kwanza kaipindua akasoma namba ya fremu, akaitafuta kwenye simu kama imeripotiwa kuibiwa. Kaomba risiti, nikampa zote, ninazo tangu ya kwanza. Kapima mnyororo, kapitisha ukucha kwenye mkwaruzo wa foki kusikia kama unanasa, maana ukinasa, mafuta yatavuja. Haukunasa. Kanyanyua kiti: tk, tk. Tukatazamana tukacheka wote. Kijana akazunguka nayo mtaani, akaruka ukingo wa barabara, akarudi meno yote nje, na hapo mzee kaumia, maana mwanawe kashamvunjia mapatano. Hata hivyo kanishusha mpaka 640, taslimu. Nikawapa na pampu ya shokapu, kwa sababu ile hujazwa hewa kwa mgandamizo ambao pampu ya kawaida haifiki. Wakaitia nyuma ya gari, nikaingia ndani, nikapika chai ya tangawizi sikuinywa.

Hamjui imenifikisha wapi baiskeli ile. Hapa Sheffield kuna barabara inaitwa Jenkin Road, mwaka 2014 mashindano ya Tour de France yalipita pale, na kuna mahali mwinuko wake unafika asilimia 33. Nimeipanda yote bila kutia mguu chini, na hiyo ni baiskeli ya kilo 15 inayonesa kila ukikanyaga pedeli, wakati wao walikuwa na vibaiskeli vyepesi kama ungo. Mwambie Juma, aliyesema mimi siwezi kupanda hata Lushoto. Na kuna njia inaitwa Cut Gate, inavuka nyika tupu kutoka Langsett mpaka kwenye mabwawa ya Derwent, ambako mwaka 1943 marubani wa vita walifanya mazoezi ya kuruka chini chini juu ya maji. Huko juu hakuna mti, hakuna nyumba, ni tope jeusi na upepo. Mara ya kwanza nilizama mpaka magotini. Mara ya mwisho niliteremka upande wa pili sikugusa chini kabisa, mawe yote yale, na nilipofika majini nikapiga kelele kwa Kidigo, kondoo wakakimbia. Nilikuwa peke yangu. Nilitamani mngekuwepo hata mmoja.

Mtauliza mbona nimeuza kitu ninachokipenda hivyo. Bega lilipata msukosuko kidogo mwezi wa pili, limepona, na kazini wamenipunguzia zamu mpaka nikae sawa. Mama asiambiwe.

Sasa na mimi nina swali, nimelikalia miaka minne.

Phoenix ya Baba iko wapi?

Sikuzika, najua. Hilo huna haja ya kunikumbusha, nalala nalo na kuamka nalo. Lakini arobaini ilikuwa haijafika ukawa ushaiuza, na habari nikaipata kwa watu. Elfu sitini, wameniambia. Uliitisha kikao? Uliniuliza hata kwa ujumbe wa maneno mawili? Ulimwambia Mama ilikuwa kutu tupu. Kutu ilikuwa kwenye madigadi tu, Kaka, mimi ndiye niliyekuwa naipaka mafuta. Keria ile ndiyo iliyombeba Mama usiku kwenda Bombo kunizaa mimi. Ndiyo iliyotubeba watatu, wewe ukiendesha, mimi kwenye keria, Juma kwenye bomba la mbele analia tako linauma, mpaka Mapango ya Amboni, na dinamo inanguruma mchana kweupe kwa sababu uliona raha tu kuiwasha. Haikuwa na shokapu hata nusu. Kila shimo la njia ile nalijua kwa mgongo.

Mimi kwa baiskeli yangu nimekupa hesabu mpaka ya pampu. Wewe hata jina la mnunuzi hujanipa.

Haya, fedha. Kwenye 640 nimelipa deni dogo la hapa, nikabakiza kodi ya wiki hii. Natuma 400, ambayo kwa leo ni kama milioni moja na laki tatu. Nazituma kwa simu ya Shemeji, si kwako, na usinune, yeye ndiye anayejua dari la Mama linavuja wapi. Hazitatosha nyumba nzima. Anzeni upande wa chumba cha Mama, jiko lisubiri. Ada ya Mwanahawa nitaileta mwezi wa kwanza inshallah, nimeshamwahidi mwenyewe. Juma apande daladala.

Ukimjua aliyenunua Phoenix, nitafutie namba yake. Simtafuti kwa ugomvi. Kama bado inatembea nataka kujua anataka ngapi, na wewe ndiye utakayekwenda kuinyanyua kiti.

Wasalimie wote, Mama umbusu mkono kwa niaba yangu.

Nduguyo,
Rashidi

Mabati yawe geji 28. Nikirudi nikakuta geji 30, tutakaa kikao kingine.