Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: hodhi la mawimbi na barafu

Ndugu wanachama,

Fedha mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia hodhi la maonyesho tunalopeleka katika shule za Nairobi, kwa kuwa onyesho letu la zamani lilikuwa linafundisha kosa.

Lilionyesha barafu ya bahari kama ukuta: wimbi likifika, linakoma. Sivyo. Barafu inayoelea kuzunguka Antaktika ni chujio. Wimbi la sekunde 6 (muda kati ya kilele kimoja na kinachofuata), lenye urefu wa mita 56 hivi kutoka kilele hadi kilele, hufifia mapema miongoni mwa vipande. La sekunde 15, lenye urefu wa mita 350, huweza kupenya mamia ya kilomita, na njiani hulipinda bamba la barafu juu na chini hadi likatike. Vipande vidogo huyeyuka upesi kuliko bamba zima, kwani maji ya bahari huvila kutoka kila ubavu.

Katika hodhi, kina kisipungue nusu ya urefu wa wimbi. Ubao unaotengeneza mawimbi ukisukumwa mara 2 kwa sekunde, wimbi huwa na urefu wa sentimita 39. Mara 3, sentimita 17. Sentimita 20 za maji zatosha kwa yote mawili. Ukisukuma mara 1 tu kwa sekunde, wimbi hugusa sakafu na kufupika, na wanafunzi wataisingizia barafu. Mwisho wa hodhi wekeni mteremko wa kokoto, la sivyo wimbi hugonga ukuta na kurudi.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa vile visahani vya plastiki vinavyoelea badala ya vipande vya barafu. Ni vyembamba, kwa hiyo maji hupanda juu yake, nguvu ya wimbi hupotea hapo, na hata wimbi refu hufa. Jambo hili hutokea baharini pia, ila plastiki hulikuza kupita kiasi. Dawa ni kuvitia kingo za sentimita 1, kama barafu changa ya baharini inayofanana na chapati za maji: vipande hugongana, uji wa barafu hurushwa pembeni, nao huganda ukawa ukingo.

Kila mara pimeni kwanza kimo cha wimbi kwenye ncha zote mbili kabla ya kuweka visahani. Kuta za hodhi nazo hupunguza wimbi kidogo, na kiasi hicho lazima kitolewe kwenye hesabu ya barafu.