Umri wa tairi la pikipiki na hesabu ambayo wanunuzi huisahau

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie mjadala kuhusu ununuzi wa matairi ya pikipiki. Msomaji mmoja aliwaonya wenzake wasiguse kabisa tairi lililopitisha mwaka mmoja tangu litoke kiwandani, na mwingine akamjibu kwamba habari ya umri ni hofu ya bure maadamu kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, ni nene na mpira haujapasuka. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, lakini kwa maoni yangu wote wawili wameanzia hesabu mahali pasipofaa. Kujua tairi lina umri gani leo hakutoshi. Mnunuzi anatakiwa ajiulize litakuwa na umri gani siku atakayolivua.

Nianze na tarehe yenyewe, kwa kuwa wapo watu walioendesha pikipiki miaka mingi bila kujua kwamba ipo. Ubavuni mwa tairi, kama limetengenezwa kwa kufuata kanuni za Marekani, utakuta herufi DOT zikifuatwa na msururu wa herufi na tarakimu, na mwisho wa msururu huo kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza zinataja wiki na mbili za mwisho zinataja mwaka, hivyo 2319 ni tairi lililotengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya kabla ya mwaka 2000 yaliandikwa tarakimu tatu tu, na anayekutana na tarakimu tatu dukani hana haja ya kuuliza bei. Mara nyingi tarehe hupigwa upande mmoja tu wa tairi, na tairi likiwa limeshafungwa upande huo unaweza kuwa ule uliofichwa na mnyororo au bomba la moshi. Kwa hiyo ni vyema kulikagua likiwa bado mikononi, kabla fundi hajaligusa.

Sasa, kwa nini mpira uzeeke hali haujatembea? Mpira wa tairi hupikwa pamoja na salfa, njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839, na salfa hiyo ndiyo inayofunga nyuzi ndefu za molekuli zisiteleze ovyo, ikaupa mpira uimara na uwezo wa kurudi katika umbo lake. Mabadiliko ya mpira hayakomi pale tairi linapotolewa kwenye kalibu. Joto na oksijeni huendelea kuubadilisha polepole, na kadiri miaka inavyopita mpira hukakamaa na kupoteza mshiko, hasa barabara inapokuwa na maji. Ozoni iliyomo hewani nayo huushambulia mpira uliovutwa, na ndiyo sababu nyufa ndogondogo hutangulia kuonekana kwenye mifereji ya kashata na kwenye ubavu, mahali ambapo tairi hukunjwa na kuvutika. Watengenezaji huchanganya nta na kemikali za kuzuia ozoni ambazo hujitokeza kidogo kidogo hadi kwenye uso wa mpira, na kunyumbuka kwa tairi linalotembea husaidia kuzisukuma nje. Pikipiki iliyoegeshwa miezi mingi juani, huku matairi yakiwa na upepo pungufu na uzito wote ukikandamiza sehemu ileile, hukosa msaada huo, na tairi lake huzeeka kwa namna ambayo tarehe ya ubavuni haiwezi kukuambia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na yule aliyeweka mpaka wa mwaka mmoja. Matairi mawili yenye tarakimu zilezile yanaweza kuwa na hali mbili tofauti kabisa. Lililowekwa wima katika ghala lenye giza, ubaridi na ukavu, mbali na petroli na mafuta, mbali pia na mota za umeme na mashine za kuchomelea ambazo huzalisha ozoni, hubadilika kidogo sana katika miaka miwili au mitatu, kwa sababu halijabeba mzigo, halijapata moto wa lami, na halijaonja jua. Lililotundikwa kwenye msumari mlangoni mwa duka ili liwavute wapita njia limekuwa likiokwa kila mchana. Kama ningetakiwa kuchagua, ningechukua la ghalani lenye miaka mitatu na kuliacha la mlangoni lenye mwaka mmoja, na nisingeona kwamba nimejipunja. Muuzaji anayekuruhusu uingie uone anakohifadhi mali yake anakupa habari yenye thamani kuliko maneno mengi, na yule anayeyapaka matairi yake dawa ya kung'arisha mpaka yanameremeta anatia shaka, kwa kuwa mng'ao huo unaweza kuficha mpira uliokwisha kupauka, na dawa ikifika kwenye kashata za pikipiki ni utelezi mtupu.

Hata hivyo, uhifadhi mzuri haufuti mwisho wa safari. Ushauri unaotolewa na watengenezaji wengi ni kwamba tairi likishatimiza miaka mitano ya matumizi likaguliwe na mtaalamu angalau mara moja kila mwaka, na likitimiza miaka 10 tangu lilipotengenezwa liondolewe, hata kama kashata bado zipo na macho hayaoni kasoro. Miaka 10 hiyo ni ukomo, wala si ahadi kwamba kila tairi litafika huko.

Tukichukua ukomo huo na kurudi nyuma, hesabu inakuwa wazi, na inampa kila mwendeshaji jibu lake. Dereva anayebeba abiria au mizigo kutwa anaweza kumaliza kashata za tairi la nyuma ndani ya mwaka, au hata miezi michache. Kwake yeye tairi lililohifadhiwa vizuri, lenye miaka miwili, likiuzwa kwa bei pungufu, ni biashara nzuri: litakwisha kabla halijazeeka, na tarehe yake haitamdhuru. Sasa mchukue mwenye pikipiki anayeitoa siku za mapumziko tu, akatembea kilomita 2,000 kwa mwaka. Akinunua tairi linaloweza kwenda kilomita 12,000, atakaa nalo miaka sita. Kama alilinunua likiwa na miaka minne, siku kashata zitakapokwisha litakuwa na miaka 10 kamili, na nusu ya pili ya maisha yake ataipitisha juu ya mpira mgumu. Ajabu ni kwamba mtu wa namna hii ndiye anayeshawishika kirahisi kununua tairi la zamani kwa bei ya chini, akijiambia kwamba haendeshi sana. Kwa kuwa haendeshi sana, yeye ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kudai tairi jipya kabisa.

Hesabu hiyohiyo inatenganisha gurudumu la mbele na la nyuma, jambo ambalo sikuliona likitajwa katika barua zilizotangulia. Kwa kawaida tairi la nyuma, ambalo ndilo linalosukuma, huchakaa upesi kuliko la mbele. Wengi hubadilisha la nyuma mara mbili huku la mbele likiwa lilelile, na hivyo la mbele ndilo linalobaki kuzeeka likiwa na kashata za kupendeza. Wakati huohuo, la mbele ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki na ndilo linaloelekeza pikipiki kwenye kona, na mahali linapogusa barabara hapazidi sana ukubwa wa kiganja. La nyuma likiteleza kidogo mwendeshaji mwenye uzoefu huweza kulirudisha. La mbele likiteleza kwenye kona, aghalabu mtu anajikuta chini kabla hajajua kilichotokea. Kwa hiyo mtu mwenye fedha za kununua tairi moja tu la tarehe ya karibuni, nalo la pili akalazimika kuchukua lililokaa kidogo, namshauri la karibuni aliweke mbele.

Kwa yule aliyesema kwamba kashata nene zinatosha, namkumbusha jambo lililotokea Uingereza mwaka 2012. Basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka kwenye tamasha la muziki katika Kisiwa cha Wight lilipasuka tairi la mbele na kuacha barabara, na watu watatu wakafariki. Tairi hilo lilikuwa na umri wa miaka 19. Wakati huo hapakuwa na sheria iliyolikataza kwa sababu ya miaka yake. Kampeni ndefu ilifuata, ikiongozwa na mama wa mmoja wa waliokufa, na tangu tarehe 1 Februari 2021 matairi yaliyozidi miaka 10 hayaruhusiwi kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi nchini humo. Pikipiki hazimo katika katazo hilo. Basi lina magurudumu mengi na dereva aliyekaa ndani ya bodi ya chuma. Mwenye pikipiki ana mawili tu na kofia ngumu, na ulinzi wa umri ameachiwa aufanye mwenyewe.

Sisemi kwamba tarehe ndiyo jambo la kwanza kutazamwa. Tairi la wiki iliyopita lisilolingana na pikipiki yako ni baya kuliko la miaka minne linalolingana. Kando ya vipimo vya upana na kipenyo kuna namba na herufi zinazotaja mzigo na mwendo: tairi lililoandikwa 47P, kwa mfano, linabeba hadi kilo 175 na halikutengenezwa kwa mwendo unaozidi kilomita 150 kwa saa. Mshale wa mwelekeo nao lazima ufuatwe. Na kama gurudumu ni la tyubu, ni ubahili usio na maana kuvalisha tairi jipya juu ya tyubu iliyokwisha kuvutika na kuzibwa viraka. Baada ya hapo, hata tairi la tarehe nzuri kuliko zote lisiaminiwe siku ya kwanza, kwani uso wake huwa bado unateleza. Kilomita 160 hivi za mwanzo ziendeshwe taratibu, bila kulaza pikipiki sana kwenye kona wala kukamata breki kwa ghafla.

Nimalizie kwa ombi linalowahusu wauzaji, na kwa kiasi fulani linalihusu gazeti lako pia. Matangazo ya matairi hutaja jina la kampuni, saizi na bei, lakini tarehe huachwa. Mnunuzi aliyesimama dukani anaweza kuinama na kuisoma, lakini anayeagiza kutoka mbali hulipa kwanza na kuijua tarehe tairi likishamfikia. Najua wauzaji watajibu kwamba shehena moja huja na tarehe zilizochanganyika na kwamba hawawezi kutangaza kila tairi peke yake. Hilo ni kweli, lakini hakuna kinachowazuia kuandika kwamba hakuna tairi katika shehena hiyo lililozidi umri fulani, au kumtumia mteja picha ya zile tarakimu nne kabla hajalipa. Wakifanya hivyo wataweza pia kupanga bei kwa haki: yaliyokaa wayapunguze waziwazi na kuyauza kwa wale wanaoyamaliza haraka, na yale ya karibuni wawawekee wale watakaokaa nayo miaka mingi. Nawe, Mhariri, ukiona inafaa, waombe wanaotangaza matairi katika kurasa zako waongeze mstari huo mmoja chini ya saizi.

Wako mtiifu,
Msomaji na mwendesha pikipiki