Mafundi wa Malindi, namba ya spana si namba ya bolti

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu maanake hili jambo limenitia hasara na naona linawapata wengi hapa Malindi na hakuna anayelisema.

Nina kigari changu Nissan AD cha kubebea mizigo, Malindi kwenda Gongoni na kurudi. Juzi nikapata pancha karibu na Mambrui, kijana wa pancha akafungua gurudumu vizuri tu, akaziba, lakini kwenye kufunga nati moja ikapotelea mchangani, tukaitafuta weee mpaka tukachoka. Akatoa nyingine kwenye mkebe wake. "Mzee, hii ni 21 kama zako," akaniambia, na kweli spana ya 21 ilikaa sawasawa. Kwa mkono ikazunguka kama mara mbili ikagoma. Basi akachukua bomba akalivika kwenye wili spana akaikanyagia mpaka ikaingia, na mimi nimesimama hapo nampa pole ya jua! Wiki iliyofuata nataka kuifungua, haitoki, nikalazimisha, studi (ile bolti ya gurudumu inayofungwa nati) ikakatika ikabaki ndani ya nati. Nilipoiangalia meno yote yalikuwa yamesagika yang'aa kama sindano.

Fundi mmoja mtu mzima wa huku mjini ndiye alinifungua macho. Studi ya Nissan ni milimita 12 na thredi yake ni 1.25, yaani kutoka jino hadi jino ni milimita moja na robo. Toyota nyingi pia ni 12, na spana pia ni hiyo hiyo 21, lakini thredi yake ni 1.5. Kwa macho huwezi kutofautisha. Ile nati ilikuwa ya Toyota.

Sasa hapa ndipo kwenye tatizo lenyewe. Sisi sote twaita bolti kwa namba ya spana, "nipe bolti ya 14", na mwenye duka naye hukupa ya 14 bila kuuliza ya nini. Ile 14 ni kichwa tu. Kwenye gari za Kijapani bolti yenye kichwa cha 14 kwa kawaida mwili wake ni milimita 10 na thredi 1.25. Nenda hadwea useme wataka ya milimita 10, mara nyingi utapewa yenye thredi 1.5 na kichwa cha 17, hiyo ni ya geti bwana, ukiikaza kwenye alumini ya injini umeshaharibu uzi na sasa yataka kutobolewa upya. Na wenye Land Rover za zamani ndio wana kazi zaidi, kule kuna za inchi, bolti ya 5/16 unene wake karibu ni sawa na ya milimita 8, yaingia mizunguko kadhaa vizuri kabisa halafu yakaba.

Na pwani tuna kisingizio chetu, kila bolti ikigoma ni kutu, chumvi ya bahari, tia oili kaza. Kutu ipo, siikatai, lakini bolti mpya kutoka kwenye boksi itakuwa na kutu gani? Ikishaingia kwa vidole mizunguko mitano sita bila kushindana ndipo ushike spana, ikigoma mapema itoe.

Kupima wala si kazi ya chuo. Yule mzee alichukua rula ya mtoto wa shule akaiweka juu ya studi, akahesabu kutoka jino la kwanza hadi la 11, ikiwa ni milimita 12 na nusu basi ni 1.25, ikifika 15 ni 1.5. Au chukua bolti unayoijua uilaze juu ya ile nyingine meno kwa meno uinue juani, ukiona mwanga wapita katikati hazilingani.

Wenye maduka ya spea nawaomba muandike thredi kwenye boksi, si 14 na 17 peke yake, na mteja akija bila bolti ya zamani mkononi mrudisheni akailete. Pia kama kuna duka hapa Malindi linauza ile geji ya kupimia thredi, yenye visahani vya meno kama kitana, tafadhali watangaze, nimezunguka mji mzima kila ninayemuuliza ananitolea geji ya upepo.

Dereva mwenye hasara,
Malindi