Rin si katili tu

Mhariri,

Naomba nafasi nitofautiane na wasomaji wanaomwona Rin, mhusika mkuu wa riwaya tatu za R. F. Kuang zinazoanza na The Poppy War (2018), kuwa katili asiyestahili kuitwa shujaa.

Msichana huyu ni yatima wa vita ambaye, ili akwepe kuozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, alikesha akijiandaa kwa Keju, mtihani wa taifa wa kuingia vyuo, huku akijidondoshea nta ya moto mkononi usingizi usimchukue. Ukurasa huo ndio ufunguo wa yote yanayofuata, kwa kuwa hapo ndipo anapojifunza kwamba maumivu ni bei ya ushindi, na baadaye anawalipisha wengine bei hiyo hiyo.

Nakiri kwamba anapomwita mungu wa moto na kuteketeza kisiwa kizima cha adui, watoto wakiwamo (asiyesoma aniwie radhi), nilikifunga kitabu kwa siku mbili. Lakini mwandishi amechota katika historia ya China, hasa mauaji ya Nanjing ya mwaka 1937, jeshi la Japani lilipowaua raia wa mji huo, na hakutaka tumpende Rin kwa urahisi. Rafiki yake Kitay anachukizwa na kitendo hicho, na Rin anajitetea kwa ukali wa mtu anayejua amekosea. Kumwita katili na kuishia hapo ni kuuruka mvutano huo, nao ndio ulionifanya nisome hadi kitabu cha tatu.

Msomaji wako wa siku nyingi