Barua kwa Bibi, Wete

Aberdeen, Juni

Bibi yangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Mimi mzima, kazi inakwenda. Mama najua keshakufikishia habari, na keshazitia chumvi: mjukuu wako karukwa na akili, anataka kupanda meli ya usiku. Simlaumu. Tangu Spice Islander izame Septemba 2011, nyumbani kwetu hakuna anayesikia habari ya meli ya usiku akatulia. Mwambie hii kila abiria jina lake limeandikwa, na bahari ikichafuka safari huahirishwa. Inang'oa nanga hapa saa 1 jioni, na saa 1 na nusu asubuhi, inshallah, nitakuwa Lerwick, mji mkuu wa Shetland.

Ni visiwa kama mia hivi, juu kabisa ya Scotland, na vyenye watu ni 16 tu. Miti ya kuhesabu, kondoo tele, upepo ndio usiseme. Zamani vilikuwa vya wafalme wa Norway. Mwaka 1469 Mfalme Christian, aliyetawala Denmark na Norway, alikuwa anamwoza bintiye Margaret kwa mfalme wa Scotland. Kwa desturi yao anayetoa mali ni baba wa bibi harusi (msomee Babu hapa polepole). Fedha hana, basi akaviweka visiwa rehani. Mpaka leo havijakombolewa.

Nafikia kwa mama wa mwenzangu wa kazini, mtu mzima wa makamo yako, naye kwenye simu kishaanza kunipa vitisho. Huko wana sili, mnyama wa baharini mwenye macho kama ya binadamu. Anasema wengine usiku hupanda ufukweni, wakavua ngozi zao wakawa wanawake wazuri wa kupindukia. Mvuvi mmoja akaiiba ngozi, akaificha, akamwoa mwenyewe. Wakazaa. Siku moja mtoto akaiona ngozi darini, akamuuliza mama yake hiki nini. Mama hakujibu. Aliichukua, akashuka pwani, hakurudi tena.

Halafu kuna trow, hawa hukaa vilimani, wafupi, na udhaifu wao ni fidla, hiihii ya kwenye taarabu. Wakimpenda mpigaji humwita ndani ya kilima awachezee usiku mmoja tu. Akitoka, wenziwe wote wameshakufa kwa uzee. Nilimuuliza kama anaamini. Akacheka, kisha akaniambia nikipita vilimani usiku nisiitikie nikiitwa. Nikajiona niko barazani kwako.

Ila usiku wenyewe sijui nitauona wapi. Mwezi huu jua linazama saa 4 na nusu usiku, na kabla ya saa 10 alfajiri limeshachomoza. Katikati hapo ni mwanga wa magharibi tupu, giza haliingii. Isha nikamuuliza shekhe wa hapa, kaniambia tunakadiria. Chakula usihofu, nitakula samaki.

Sasa nina ombi. Huyu mama anataka hadithi ya kwetu, kaniambia siendi mikono mitupu. Ile ya nguva na yule nahodha nimeisahau katikati, pale anapokatazwa kugeuka nyuma. Mwambie Salma akurekodi kwenye WhatsApp, umalizie yote, usiache kwa kuwa umechoka. Meli ni Ijumaa.

Mjukuu wako,
Zuwena