Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA KAZI ZA NYUMBANI ZA WATOTO WETU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza na furaha. Katika mtihani wa utamilifu wa wilaya, Darasa la Saba letu limeongoza kata nzima. Mwaka juzi jina la shule yetu lilisomwa la mwisho kwenye kikao cha walimu wakuu, nikainamisha kichwa. Safari hii nimeitwa mbele kupokea cheti, na machozi yalinitoka sikuyaficha. Aliyeongoza wote ni binti yetu ambaye mama yake anakaanga samaki stendi. Jioni moja nilishuka pale kwenye daladala nikamkuta kageuza ndoo, kaweka daftari juu yake, anapiga hesabu za sehemu huku mama akigeuza samaki. Mama akaniambia, "Mwalimu, mpaka saa kumi na mbili huyu hatumwi na mtu. Akimaliza ndiyo ataosha masufuria." Mama huyo aliishia darasa la tatu na hesabu zile hazijui, lakini muda wa mwanawe anaulinda. Hongera zake, hongera kwa binti, na hongera kwa walimu waliobaki na watoto hadi saa kumi na moja jioni muhula mzima.

Vyoo vya wasichana vimekamilika. Tarehe ya kufungua shule imeandikwa kwenye ripoti.

Sasa jambo lililoniuma. Mwezi uliopita Darasa la Sita walipewa swali hili la nyumbani: basi limeondoka Korogwe saa 2:40 asubuhi, limesafiri kwa saa 1 na dakika 35, limefika Tanga saa ngapi? Jibu ni saa 4:15. Kesho yake nililetewa mezani madaftari 23, yote yameandikwa "saa 3:75". Mtoto aliyekosea mwenyewe hana kosa kwetu, tunamwelekeza anaelewa. Hawa hawakukosea, walinakili. Tulipofuatilia, tukabaini daftari moja lilizunguka chini ya mwembe kabla ya kengele, na kila aliyeliangalia alilipa shilingi 100, hela aliyopewa ya andazi. Watoto wa miaka 12 wananunua majibu, tena majibu yasiyo sahihi! Madaftari mengine mawili yalikuwa na jibu sahihi, ila mwandiko ni wa mtu mzima. Mzazi uliyefanya hivyo, mtihani wa Darasa la Saba hutaingia wewe.

Niliwaita wazazi wa watoto hao 23. Walikuja 9. Walisema mtoto anarudi saa tisa, anakula, anakwenda madrasa, anachota maji, na giza limeshaingia. Nawaelewa, nami nimekua nikichota maji. Lakini mtoto huyohuyo ananisimulia tamthilia ya usiku mwanzo hadi mwisho, na mechi ya Simba na Yanga aliyoiona kibanda umiza. Muda upo, ila hauna mwenyewe.

Ninachoomba ni nusu saa, Jumatatu hadi Ijumaa, kabla televisheni haijawashwa. Saa ichaguliwe moja na isibadilike: wa madrasa wanaweza baada ya swala ya magharibi, wengine mara tu wakishakula. Mkeka unatosha, mradi pana mwanga na simu za wakubwa ziko mbali. Huhitaji kujua jibu. Mwambie mtoto akusomee swali na akueleze anavyofikiri. Akishindwa, aache pale alipokwama, maana hapo ndipo mwalimu anapotaka kupaona. Kisha weka saini kwenye daftari, na asiyeandika aweke alama yake. Begi lipangwe usiku, kalamu ikiwa ndani, kwa sababu wengi wa wachelewaji wetu asubuhi huwa wanatafuta kalamu. Kazi ya likizo ni ukurasa mmoja kwa siku. Isirundikwe usiku wa kuamkia kufungua shule, tutaijua tu.

Kuhusu chakula. Ada ilifutwa na tunaishukuru Serikali. Uji tulikubaliana wenyewe kwenye mkutano, mikono juu: kilo 10 za mahindi kwa kila mtoto kwa muhula. Kaya 61 hazijaleta hata punje, na baadhi yake ndizo zilizopaza sauti kutaka uji uwe mzito. Sitamtoa mtoto kwenye foleni kwa deni la mzazi wake, lakini majina nitayapeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya Ijumaa. Na siku ya gulio ni siku ya shule. Mtoto si mbeba mizigo.

Wazazi 14 ambao hamkuitikia wito wangu, nawasubiri ofisini siku ya kufungua shule, saa 1:30 asubuhi. Kila mmoja aje na mtoto wake na daftari lake la Hisabati.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu