Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Mrudishieni mzazi wajibu wake

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi na mkulima wa tangawizi katika milima ya Upare, Wilaya ya Same, na nakuandikia kuhusu michango ya wazazi katika shule za msingi za umma. Msimamo wangu nautaja mapema: Serikali, kwa nia njema kabisa, imembebea mzazi mzigo ambao ni wake, naye mzazi, kama ilivyo kawaida ya anayebebwa, amezoea.

Sidai ada irudi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, uliwaingiza darasani watoto ambao vinginevyo wangeishia kuchunga mbuzi, na sitaki kuubeza. Hata Hayati Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima Januari 2018, na kuagiza kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, alikuwa anajibu kero ya kweli, kwa kuwa kulikuwa na shule zilizodai fedha ya mlinzi, ya dawati na ya mitihani ya majaribio bila kutoa stakabadhi wala maelezo. Lakini miongozo ya Serikali hiyo hiyo ilimwachia mzazi sare, madaftari na chakula cha mtoto, na sehemu hiyo haikufika vijijini. Kilichofika ni neno moja tu: bure.

Nenda shule yoyote ya huku kwetu saa saba mchana. Watoto ambao wazazi wao wametoa mahindi na maharage wanapanga foleni na sahani zao kusubiri makande, na wenzao wanaambiwa wakacheze uwanjani hadi kengele ya vipindi vya mchana. Mwalimu mkuu akiitisha mkutano wa wazazi kulizungumza hilo, atasikia mtu akiuliza kwa sauti, "Si mlisema elimu ni bure?", na kwa kuwa anaogopa kuonekana anakaidi maagizo ya juu, anafunga daftari lake na ajenda inaishia hapo. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye watoto 300, hata kama ingepata yote bila sehemu ya vitabu kubakizwa, ingekuwa na shilingi 250,000 kwa mwezi kwa ajili ya chaki, karatasi za mitihani, michezo na kitasa kilichovunjika. Mahindi hayamo humo, wala hayawezi kuwamo.

Ningekubali kwamba tatizo ni umaskini kama nisingekuwa nahudhuria vikao vya harusi. Humo mzazi yule yule aliyeuliza kuhusu bure anaandikisha ahadi mbele ya watu, mweka hazina anampigia simu kila wiki, na hakuna anayesema anaonewa. (Sisi Wapare tunataniwa kwa ubahili, lakini aliyebuni utani huo hakuwahi kuiona kamati yetu ya harusi.) Fedha ipo, kilichoondoka ni imani kwamba shule ni yetu.

Utamaduni wa kuchangia kilicho chetu si mgeni kwetu. Mabwawa yetu ya asili ya kumwagilia, tunayoyaita ndiva, yalichimbwa na mababu kabla ya mkoloni, na yanatunzwa kwa msaragambo. Siku ikitangazwa, kila kaya inatoa mtu mwenye jembe au karai, tope linatolewa, mfereji unazibuliwa. Asiyefika bila udhuru anatozwa faini au anakosa zamu yake ya maji. Kikongwe na mgonjwa husamehewa, na hakuna anayehitaji fomu kuthibitisha kwamba ni wagonjwa, maana majirani wanajua. Hivyo ndivyo jamii inavyomtofautisha asiyeweza na asiyetaka, kazi ambayo waraka kutoka Dodoma hautaiweza hata ukiandikwa kwa umakini wa namna gani.

Najua upande wa pili wa hoja hii: michango ilitumika vibaya, na itatumika vibaya tena. Ni kweli inaweza. Miaka ya 1940 wazee wetu walikwenda kwa maelfu kupiga kambi pale Same kuipinga kodi ya mbiru, iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, nao hawakuwa watu wanaokataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa kwa vigezo wasivyovielewa. Dawa ya matumizi mabaya ni hesabu kusomwa hadharani na anayeiba kushtakiwa. Kumnyang'anya mwananchi uamuzi kumekwisha kujaribiwa: mwaka 1972 Serikali za Mitaa zilifutwa, mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafuata, na miaka michache baadaye vyote vikalazimika kurudishwa, huku Mwalimu Nyerere mwenyewe akikiri kwamba kuvifuta lilikuwa kosa. Katiba yetu sasa inasema katika ibara ya 146 kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na Sheria Na. 7 ya 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu katika mambo ya kijiji. Mkutano ulioaminiwa kugawa ardhi unashindwaje kuaminiwa na debe la mahindi?

Kwa hiyo naomba utoe mwongozo utakaotamka waziwazi kwamba mkutano mkuu wa kijiji unaweza kupanga mchango wa chakula na ukarabati mdogo wa shule, kwa nafaka, fedha au nguvu kazi, na kwamba utakusanywa na kamati ya wazazi, mwalimu abaki na kufundisha. Zuio la kumrudisha mtoto nyumbani libaki palepale, na wasiojiweza watajwe na kijiji chenyewe. Serikali ituletee walimu, vitabu na wathibiti ubora, kazi ambazo sisi hatuziwezi. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji kila robo mwaka, na mkaguzi wa halmashauri aje siku yoyote bila taarifa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi, Wilaya ya Same, Kilimanjaro